Panya Katika Stoo: Ziba Kwanza, Tega Pili, Sumu Iwe ya Mwisho

Kila mwaka mvua za Oktoba zinapokaribia, wakulima wengi wa Mikinduri hufungua stoo kutoa vitu viwili: mbegu walizoweka tangu mavuno yaliyopita, na vifaa vya shamba ambavyo havijaguswa kwa miezi kadhaa. Kwa wengine, siku hiyo huwa ya majonzi. Gunia la njahi limetobolewa chini na nusu yake imekuwa maganda. Mpira wa pampu ya maji umetafunwa. Ndani ya mashine ya kupukuchua mahindi kuna kiota cha nyasi na vipande vya gunia. Mvua nayo imefika, na haimsubiri mtu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzuia hasara hiyo. Ujumbe wake ni mmoja: panya huzuiwa kwa kufungiwa njia na kunyimwa chakula na maficho. Mitego husaidia kuwamaliza waliobaki ndani. Sumu, ambayo wengi wetu huanza nayo, inafaa kuwa ya mwisho, kwa sababu haizibi tundu hata moja na inaweza kuua mtoto, kuku, mbwa au paka kabla ya kumfikia panya.

Ni panya gani wanaotusumbua?

Katika sehemu zetu kuna panya wa aina tatu wanaofaa kutambuliwa, kwa sababu kila mmoja ana tabia yake.

Wa kwanza ni panya wa paa. Ana mkia mrefu kuliko mwili wake na masikio makubwa, na ni hodari wa kupanda. Hutembea juu ya boriti, kwenye nyaya na matawi ya miti, kisha akashuka stoo usiku. Asili yake ni bara Asia, na alisambaa duniani akiwa ndani ya vyombo vya baharini. Ndiyo maana meli zikitia nanga bandarini hufungwa visahani vya bati kwenye kamba zake, ili panya asipite kutoka nchi kavu kuingia melini au kutoka melini kwenda nchi kavu. Tutaona hapa chini kwamba kisahani hicho hicho kinaweza kuokoa ghala lako.

Wa pili ni panya mdogo wa nyumbani, yule mwembamba anayepenya kila mahali. Huyu hahitaji tundu kubwa. Tundu ambalo penseli inapita linamtosha. Hula kidogo kidogo mahali pengi, kwa hivyo hutoboa magunia mengi badala ya kumaliza moja.

Wa tatu ni panya wa shamba. Huyu huishi mashambani na kwenye vichaka, lakini mavuno yakishatolewa shambani humfuata mwenye shamba hadi nyumbani. Huzaa sana: jike mmoja anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa uzao mmoja, naye hubeba mimba kwa takriban wiki tatu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, Tanzania, wamemchunguza panya huyu kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba idadi yake hupanda na kushuka kufuatana na mvua. Kwa hivyo baada ya msimu wa mvua nzuri na mavuno mazuri, jitayarishe kuwaona wengi.

Hasara yake tunaihesabu vipi?

Panya mkubwa mmoja hula takriban gramu 25 za nafaka kwa siku. Ukisikia hivyo, unaweza kuona ni kidogo. Hebu tupige hesabu kwa gorogoro ya kilo mbili. Panya mmoja humaliza gorogoro moja kwa siku 80. Panya kumi humaliza gorogoro moja kila siku nane. Tangu mavuno ya Machi hadi yale ya Julai, yaani kama siku 120, panya kumi watakula kilo 30, ambazo ni gorogoro 15. Wakikaa mwaka mzima, watamaliza gunia zima la kilo 90.

Hicho ni kile wanachokula tu. Wanachoharibu ni zaidi. Panya hukojoa na kunya juu ya nafaka wanapotembea, na gunia likitobolewa, punje humwagika sakafuni na kuchanganyika na uchafu. Punje zilizovunjwa na kuloweshwa hushika ukungu haraka. Ukungu huo ndio unaoweza kutoa sumu ya aflatoksini. Hatuwezi kuuchukulia kama jambo la mbali: mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini yalileta maafa katika sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki.

Kwa mbegu, hasara hujificha. Katika punje ya hindi, panya hupenda zaidi kile kiini laini cha chini, ambako mmea huchipukia. Anaweza kula kiini na kuacha sehemu kubwa ya punje. Ukitazama gunia kwa haraka utadhani mbegu ipo, lakini ukiipanda haioti. Kabla ya kupanda mbegu uliyoweka mwenyewe, hesabu punje 100 bila kuchagua, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, na uziangalie baada ya siku tano hadi saba. Zikiota chini ya 80, tafuta mbegu nyingine mapema, kabla ya mvua.

Utajuaje kama wapo?

Panya hutembea usiku, kwa hivyo ukimwona mmoja mchana, huenda wako wengi. Tafuta dalili hizi:

- Kinyesi. Cha panya mdogo kinalingana na punje nyembamba ya mchele. Cha panya mkubwa ni kikubwa zaidi ya mara mbili. Kikiwa laini na cheusi kinachong'aa, ni kipya.
- Alama nyeusi zenye mafuta kando ya ukuta na juu ya boriti. Panya hupita njia moja kila siku, na mwili wake huacha uchafu pale.
- Mbao, magunia au mipira iliyotafunwa, na vumbi la mbao chini yake.
- Harufu kali ya mkojo unapofungua mlango wa stoo iliyofungwa kwa muda.
- Nyayo. Nyunyiza majivu au unga kidogo sakafuni jioni, kando ya ukuta. Asubuhi utaona walikopita na tundu wanalotokea.

Dalili hii ya mwisho ni ya thamani kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha mahali pa kuziba na mahali pa kuweka mtego.

Hatua ya kwanza: toa, safisha, ziba

Wakati bora wa kazi hii ni stoo inapokuwa karibu tupu, yaani kabla ya kuingiza mavuno mapya. Toa kila kitu nje. Magunia ya zamani yaanike juani na kukung'utwa, kwa sababu mara nyingi viota huwa ndani ya rundo la magunia matupu. Yaliyochakaa yachomwe.

Kisha ingia ndani ya stoo mchana, funga mlango, na usimame gizani kwa dakika chache. Kila mahali utakapoona mwanga ukiingia, panya ataingia pia. Weka alama kwa chaki au mkaa, kisha ziba hivi:

- Tundu la ukuta wa mawe au matofali: jaza kokoto na simiti. Udongo mtupu hautoshi. Panya ataufukua usiku huo huo.
- Tundu dogo na lenye kona: sokomeza waya wa kusugulia sufuria kwa nguvu, kisha weka simiti juu. Panya hapendi kutafuna waya huo.
- Pengo kati ya ukuta wa mbao na paa la mabati: pigilia wavu wa chuma wenye matundu madogo, yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku haufai, maana panya mdogo hupita katikati yake.
- Chini ya mlango: pigilia kipande cha bati laini, chenye urefu wa sentimita 30, pande zote mbili. Pengo kati ya mlango na sakafu lisipitishe penseli.
- Dirisha la kupitisha hewa: usilizibe kabisa, kwa kuwa nafaka inahitaji hewa. Liwekee wavu huo huo.

Nje ya stoo, fyeka nyasi na vichaka kwa umbali wa angalau mita moja kuizunguka. Rundo la kuni, mabua ya mahindi, matofali au mbao lisiegemezwe ukutani. Tawi la mti lililoinama juu ya paa likatwe, kwa sababu kwa panya wa paa hilo ni daraja. Mabaki ya chakula cha kuku na ng'ombe yasiachwe usiku.

Kazi hii pia hupunguza nyoka. Nyoka wengi wanaoingia bomani huwa wamewafuata panya.

Ghala lenye miguu

Ghala la mbao lililoinuliwa ni zuri ikiwa limejengwa kwa kipimo. Panya mkubwa anaweza kuruka juu karibu sentimita 75. Kwa hivyo sakafu ya ghala iwe juu ya ardhi kwa mita moja hivi.

Lakini miguu mirefu pekee haimzuii, kwa sababu ataipanda. Hapa ndipo tunapoazima ujuzi wa mabaharia. Kata bati laini, likunje kama faneli iliyopinduliwa, mdomo mpana ukiangalia chini, na ulivishe kila mguu wa ghala karibu na sakafu yake. Bati litokeze nje ya mguu kwa angalau sentimita 25 pande zote. Panya akipanda hufika chini ya bati na kukosa pa kushika. Fundi wa mabati wa sokoni anaweza kuyatengeneza, na yakifungwa vizuri hudumu miaka mingi.

Baada ya kuyaweka, usiharibu kazi yako. Ngazi iondolewe kila mara unapomaliza kutoa nafaka. Usiegemeze mti, jembe au baiskeli kwenye ghala. Ghala likae angalau mita moja kutoka ukuta au mti wowote.

Magunia, mapipa na tangi la bati

Nafaka ikaushwe kabla ya kuhifadhiwa, iwe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ikiwa huna kipimo, tumia chumvi. Weka chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, ongeza punje za mahindi, funga na utikise kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado hayajakauka.

Wakazi wengi sasa hutumia magunia yenye mifuko ya plastiki ndani, yasiyopitisha hewa. Magunia haya huua wadudu kama dumuzi bila dawa, lakini hayamzuii panya. Akiyatoboa, hewa huingia na kazi yote huharibika. Yaweke ndani ya stoo iliyozibwa tu, juu ya vichanja vya mbao, umbali wa nusu mita kutoka ukutani, ili uweze kuzunguka na kukagua. Usiyapange hadi yaguse paa.

Pipa la chuma lenye mfuniko wa kubana na tangi la bati la kuhifadhia nafaka ni kinga kamili dhidi ya panya. Gharama yake ni kubwa mwanzoni, lakini kikundi cha akina mama au cha wakulima kinaweza kuchanga na kununulia wanachama mmoja mmoja kwa zamu. Kwa mbegu chache, usisubiri tangi. Mkebe mkubwa wa bati wenye mfuniko unatosha mbegu ya msimu mmoja.

Vifaa vinavyopumzika

Wengi hujiuliza kwa nini panya atafune mpira au waya usiolika. Sababu ni kwamba meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Lazima atafune ili yabaki mafupi. Na mashine iliyofunikwa kwa miezi mitatu kwenye kona yenye giza ni nyumba nzuri kwake: kuna joto, kimya na kona nyingi.

Kabla ya kuweka pampu ya maji, jenereta, mashine ya kupukuchua au pampu ya kunyunyizia dawa ya mgongoni:

1. Ioshe, iikauke. Ondoa kila punje, ganda na majani yaliyonaswa ndani. Harufu ya chakula ndiyo humwita panya.
2. Ondoa mipira inayofunguka, ikunje, na uitundike kwa waya mwembamba kutoka kwenye boriti, mbali na ukuta. Kamba ya katani usitumie, maana panya huitembea.
3. Funika mdomo wa ekzosi na pale hewa inapoingilia kwa kipande cha wavu wa chuma. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani au kamba ya kuwashia, kikukumbushe kuondoa wavu kabla ya kuwasha.
4. Weka mashine juu ya mbao au mawe, isilale sakafuni, na usiifunike kwa magunia. Turubai lisiloburura chini ni bora.
5. Ikague kila wiki mbili. Isogeze kidogo. Panya hupenda kitu kisichoguswa.

Unapoitoa, usiwashe mara moja. Fungua kichujio cha hewa, angalia nyaya zote na mpira wa petroli. Kiota kikavu karibu na ekzosi kinaweza kushika moto, na waya uliochunwa unaweza kuleta shoti. Hali ni hiyo hiyo kwa gari au pikipiki iliyoegeshwa kwa wiki kadhaa.

Hatua ya pili: mitego

Ukishaziba, panya waliobaki ndani hawana pa kutokea wala pa kupatia wenzao wapya. Sasa mtego hufanya kazi.

Mtego wa kubana ni bei nafuu na hutumika mara nyingi. Makosa ya kawaida ni mawili: kuweka mmoja tu, na kuuweka katikati ya chumba. Panya hupita kando ya ukuta, mwili wake ukigusa ukuta. Kwa hivyo weka mtego ukielekea ukutani, upande wenye chambo ukigusa ukuta. Tumia mitego mitano au kumi kwa pamoja, si mmoja kwa siku kumi.

Chambo kizuri ni omena, karanga zilizosagwa, au ugali uliokaangwa kwa mafuta. Chambo kiwe kidogo, kama punje ya harage. Kikiwa kikubwa, panya atang'ata ukingo wake na kwenda.

Panya mkubwa huogopa kitu kipya. Weka mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku tatu au nne, azoee kula. Kisha itege yote usiku mmoja. Panya mdogo, tofauti na huyo, hupenda kuchungulia vitu vipya, naye hunaswa usiku wa kwanza.

Kama huna mitego, tumia ndoo. Jaza maji hadi kati. Pitisha waya katikati ya kopo au chupa tupu, uilaze juu ya mdomo wa ndoo ili izunguke kwa urahisi, na uipake karanga katikati. Weka kijiti cha kupandia. Panya akikanyaga chupa, huzunguka naye akatumbukia. Ndoo hiyo iwe na kizuizi ili mtoto mdogo asiifikie, kwa kuwa mtoto anaweza kuzama hata katika maji kidogo.

Panya waliokufa wazikwe kwa kina cha nusu mita. Usiwashike kwa mikono mitupu.

Paka na bundi

Paka husaidia, hasa dhidi ya panya wadogo na watoto wa panya. Lakini paka hazibi tundu, na panya mkubwa aliyekomaa humshinda paka wengi. Mlishe kidogo kila siku ili akae nyumbani. Paka mwenye njaa huhamia kwa jirani.

Bundi ni rafiki wa mkulima ijapokuwa wengi humwona kuwa ndege wa nuksi. Yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, anayelala kwenye majengo ya zamani, huishi kwa kuwinda panya usiku baada ya usiku. Tafadhali msimpige mawe.

Sumu: yanayofaa kujulikana

Hatusemi sumu isitumike kabisa. Tunasema itumike baada ya kuziba na kutega, na kwa kanuni.

Kwanza, nunua kwenye agroveti iliyosajiliwa, dawa iliyo katika pakiti yenye lebo, jina la mtengenezaji, tarehe na nambari ya usajili wa Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu. Unga au chembe zinazouzwa sokoni katika karatasi zilizokunjwa, bila jina, usinunue. Hujui ni nini, na daktari hatajua pia.

Pili, usiwahi kuichanganya na ugali, mkate au omena na kuiacha wazi. Mtoto wa miaka miwili hawezi kutofautisha. Iwekwe ndani ya kisanduku au bomba lenye tundu dogo, lililofungwa kwa waya mahali pasipofikiwa na watoto na mifugo.

Tatu, usiweke sumu ndani ya stoo ya chakula. Panya hubeba chakula na kukificha. Anaweza kuibeba sumu hadi ndani ya gunia la mahindi yako.

Nne, vidonge vinavyotoa gesi, ambavyo hutumiwa kufukiza nafaka kwenye maghala makubwa, si dawa ya panya nyumbani. Gesi yake hupenya mianya ya mbao na kuwafikia waliolala chumba cha pili. Kazi hiyo ni ya watu waliofunzwa pekee.

Tano, panya aliyekula sumu haanguki hapo hapo. Hutembea, akaliwa na paka, mbwa au bundi, nao wakafa. Wakiisha, panya wapya hawana wa kuwawinda.

Mtu akimeza sumu

Mpeleke hospitalini mara moja, hata kama anaonekana mzima. Baadhi ya dawa za panya huzuia damu kuganda, na dalili zake huonekana baada ya siku kadhaa. Nyingine hudhuru ndani ya saa chache. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Beba pakiti ya dawa hiyo, au mabaki yake, umwonyeshe daktari, kwa sababu tiba hutegemea aina ya sumu.

Kusafisha bila kujidhuru

Mkojo wa panya unaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa leptospirosisi, ambao huanza kama malaria: homa, kichwa, maumivu ya misuli. Huingia mwilini kupitia michubuko au maji machafu. Ukipata homa baada ya kusafisha stoo yenye panya, mweleze daktari kuhusu kazi hiyo.

Usifagie kinyesi kikavu, maana vumbi lake litakuingia puani. Fungua mlango na madirisha kwa nusu saa. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na ufunike pua na mdomo. Changanya sehemu moja ya dawa ya kufulia yenye klorini na sehemu tisa za maji, nyunyizia kinyesi na viota, subiri dakika tano, kisha pangusa kwa kitambaa na ukizike. Nawa mikono kwa sabuni.

Maswali ambayo wakazi huuliza

*Je, nafaka iliyokojolewa na panya inaweza kuliwa?* Ondoa na utupe sehemu yote iliyolowa, iliyotafunwa, iliyoshika ukungu au kubadilika rangi. Usiwape mifugo nafaka yenye ukungu, kwa kuwa aflatoksini huwadhuru pia na inaweza kupita kwenye maziwa.

*Je, tembe nyeupe za kuwekea nguo zinafukuza panya?* Hazitegemeki, na harufu yake huingia kwenye nafaka. Usiziweke karibu na chakula.

*Nimesafisha, lakini wamerudi baada ya mwezi. Kwa nini?* Huenda kuna tundu halijazibwa, au kwa jirani bado wapo. Rudia zoezi la majivu, utaona wanakotokea.

Tufanye kwa pamoja

Swali hilo la mwisho linatufikisha kwenye jambo muhimu. Panya hajui mpaka wa shamba. Ukiwamaliza peke yako, wa jirani watahamia kwako. Boma kumi zikifanya kazi hii wiki moja, na shule na wenye stoo za nafaka sokoni wakijiunga, matokeo huwa makubwa kuliko boma moja ikihangaika mwaka mzima. Kikundi chenu, kanisa lenu au baraza la mtaa linaweza kupanga wiki hiyo.

Kalenda rahisi ni hii. Februari na Machi, kabla mavuno ya mvua za Oktoba hayajaingia: toa, safisha, ziba. Julai na Agosti, kabla ya mavuno ya mvua za Machi: rudia. Septemba: pima mbegu zako na ukague vifaa. Kila wiki mbili katikati ya vipindi hivyo: dakika kumi za kukagua stoo kwa tochi.

Kilimo cha mazao na huduma za afya ni majukumu ya serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Kwa hivyo usisite kumwendea afisa wa kilimo wa wadi yako kuhusu ujenzi wa ghala na uhifadhi wa nafaka, au afisa wa afya ya umma kuhusu panya sokoni, shuleni na kwenye mitaa. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea boma lako anaweza pia kukuelekeza.

Lakini kazi ya kwanza haingoji afisa. Leo jioni nyunyiza majivu kidogo kando ya ukuta wa stoo. Kesho asubuhi utajua pa kuanzia.